Chumba Kisicho na Mlango

Kibonge aligeuza shingo kabla kitufe chochote hakijabonyezwa.

"Umemgusa?" dada mtu aliuliza.

"Mikono yangu hii hapa," mdogo wake alijibu, akaiinua.

Ndugu hao walikuwa wakitengeneza gemu ya mafumbo kwenye kompyuta sebuleni kwao, ghorofa ya nne, mchana kweupe. Kibonge, mhusika wao, hakutembea kama watu: alianguka kuelekea upande aliotazama, uwe ukuta, iwe dari. Mdogo mtu, ambaye nyumbani aliitwa Profesa kwa ubishi wake, alimpa kimo na uzito wake mwenyewe kwa uvivu tu wa kubuni vingine. Chumba cha majaribio ndani ya gemu hakikuwa na mlango. Vya majaribio havinaga, nani ahangaike?

Mara sebule ikanuka nywele zilizoungua. Kibonge akatazama kulia, akaanguka. Profesa naye akang'olewa kitini, akabamizwa ukuta wa kulia, pua ikapasuka.

"Zima!"

Dada akazima, akachomoa waya, lakini kioo kikabaki kinawaka, na Kibonge akatazama juu, kisha kulia, kisha juu tena, na kila alikotazama Profesa akavurumishwa huko huko, darini, ukutani, darini, meno yakimwagika, mkono ukivunjika kama mua, damu ikichuruzika kwenye rangi mpya, huku spika zisizo na umeme zikinong'ona kwa sauti nzito, "Nitokee wapi? Nitokee wapi?"

"Mama yangu, linatafuta mlango!" Dada akavamia kibodi. "Nakuwekea! Muachie mdogo wangu, nakuomba!"

Akauchora. Kibonge akaingia, akatoweka. Profesa akadondoka sakafuni, puu! Alikuwa hai. Dada akampakata, akalia kwa furaha bila aibu.

"Dada," Profesa alinong'ona kwa mdomo uliochanika, "mlango umeuandikia unakokwenda?"

Dada akageukia kioo. Kwa haraka zile, hakuandika. Na katika gemu yao, mlango usioandikiwa humrudisha mhusika mwanzo. Kanuni hiyo Profesa aliiweka mwenyewe, tena kwa kujisifu.

Kibonge alikuwa amesimama tena katikati ya chumba chake. Safari hii akageuza shingo polepole kushoto, upande wa dirisha la sebule lililo wazi.

Dada akamkaza mdogo wake kifuani. Wakaanza kuteleza pamoja.