Usiinue Mkono

Saa kumi na moja kasoro robo jioni nilikuwa natoka dukani kununua maziwa. Huku kusini mwa dunia mwezi wa Juni ni wa baridi, jua la Hobart huzama mapema, na siku hiyo mlima ulikuwa na theluji mpaka kiunoni. Maziwa lita moja. Mkate. Pai moja ya chaza. Moja tu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzoea chakula cha mtu mmoja.

Nilipofungua mlango wa nyuma nikasikia sauti.

Frrr... tap. Frrr... tap.

Mtu anachanganya karata.

Kisha harufu. Matufaha mabichi, na karatasi kavu.

Baba alikuwa ameketi jikoni, mahali pake pa siku zote, dirisha nyuma yake. Baba huyo huyo niliyemwacha hospitalini asubuhi ile, hajitambui, mpira wa hewa puani.

"Funga mlango, Merrin," akanong'ona. "Baridi inaingia."

Sikupiga kelele. Mpaka leo najishangaa. Kitu cha kwanza nilichotazama ni mikono yake.

Haikuwa inatetemeka.

Baba yangu, Lindsay Thirkell, alianzia kwenye banda la kufungashia matufaha katika Bonde la Huon. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kazi yake ilikuwa kuvisha kila tufaha karatasi laini, elfu kadhaa kwa siku, mpaka mikono ikawa myepesi kiasi kwamba wenzake hawakuona tunda likiingia. Kutoka hapo akaingia kwenye karata. Kwa miaka thelathini na minane alipita meza kwa meza katika hoteli za bandarini na kwenye meli za watalii, akifanya mazingaombwe chini ya pua za watu. Hakuwahi kupanda jukwaani.

"Jukwaani unadanganya watu mia," alikuwa akisema. "Mezani unamdanganya mmoja, tena akiwa amekushika mkono. Na usinitazame usoni, bibie, huko hakuna cha kuona. Tazama vidole!"

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa mmoja kila usiku. Mgeni anaandika jina lake juu ya karata moja, Baba anaandika lake juu ya nyingine. Moja inawekwa chini ya kiganja cha mgeni, moja chini ya kiganja cha Baba. "Usiinue mkono mpaka nikuambie." Akisema inua, karata zimebadilishana. Yenye jina lako iko kwake, yenye jina lake iko kwako. Alinifanyia nilipokuwa na miaka tisa. Niliandika jina langu kwa kalamu ya zambarau juu ya saba ya kopa, herufi moja ikiwa imegeuka nyuma mbele. Akaitia kwenye pochi yake na hakuitumia kwa mtu mwingine yeyote.

Alipofika miaka hamsini na tisa mikono ikaanza kutetemeka. Kazi yake ya mwisho ilikuwa harusi ya watu wasiomjua. Karata zote hamsini na mbili zilimponyoka, zikatapakaa sakafuni, na wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Niliingia naye chini ya meza kuziokota. Hatukutazamana.

Mwaka huu, mwezi wa tano, akapata kiharusi. Baada ya wiki tatu daktari akaniambia nisitarajie zaidi ya siku mbili.

Chama cha wanamazingaombwe wa Hobart kina wanachama tisa. Mmoja wao akifa, wenzake husimama kwenye duara na mwenyekiti huivunja fimbo ya mazingaombwe ya marehemu vipande viwili. Ndivyo wanavyomuaga. Mwenyekiti, mzee Neville Pybus, alikuwa na tiketi ya ndege ya kesho yake asubuhi kwenda Brisbane kwa binti yake, akae huko mpaka baridi iishe. Mimi ni mtu wa orodha. Naweka alama kwenye kila kilichokamilika ndipo nipate usingizi.

"Tuivunje leo," nikamwambia.

"Lin bado anapumua, binti."

"Hatajua."

Ndivyo nilivyosema. Hatajua.

Kah! Ikavunjika. Nikaweka alama kwenye orodha.

Siku mbili zikapita, Baba akaendelea kupumua. Ikapita ya tatu, ya nne, ya tano. Jioni ya tano ndipo nikamkuta jikoni.

Alikaa kwa muda wa machweo tu. Mwanga ulipokwisha kabisa kiti kilikuwa kitupu, na karata zimepangwa vizuri mezani. Jioni iliyofuata akarudi. Jioni ya tatu alifungua karata kama kipepeo, akazifunga, akazitembeza juu ya vidole, vitu ambavyo sikuwa nimeviona kwa miaka minne. Nilicheka. Nililia. Nilimpigia simu mzee Neville.

"Umekula?" akauliza.

"Mzee, sina wazimu. Yuko pale. Mikono imetulia."

Nikasikia televisheni ya binti yake.

"Mimi najua utani tu na karata, binti," akasema hatimaye. "Lakini wazee wetu walituambia fimbo inapovunjwa mikono inaachiliwa. Sisi tumeachilia mikono... mwenye mikono bado yuko kitandani. Nenda kwake, Merrin. Yeye ndiye anayekuhitaji."

Sikwenda.

Hospitali iko mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Kule kulikuwa na mzee asiyenijua, vidole vikicheza juu ya shuka. Hapa kulikuwa na baba yangu. Nikaacha kwenda jioni. Halafu nikaacha kwenda kabisa.

Jioni ya tano ya kuja kwake aliacha kuchanganya karata, akainama karibu yangu.

"Kule... nani amekaa na mimi?"

"Wauguzi wapo, Baba."

"Kiti ni kitupu, Merrin. Ninakiona." Pumzi yake haikuwa na joto. "Naogopa kuondoka peke yangu."

"Kesho nitakwenda. Naahidi."

Kesho yake saa kumi nilivaa koti langu la bluu. Nilitoa funguo. Nikasikia frrr... tap.

Nikavua koti.

Safari hii hakukuwa na mbwembwe. Mezani karata mbili tu. Moja ilikuwa tatu ya shupaza, jina lake limekatiza katikati. Ya pili ilikuwa saba ya kopa, imechakaa, ina maandishi ya zambarau.

Akazilaza kifudifudi. Akaisukuma ya zambarau kwangu.

"Weka mkono."

Nikaweka. Akaweka wake juu ya nyingine.

"Usiinue mpaka nikuambie."

Simu yangu ikalia. Nikaitazama. Hospitali. Baba akatikisa kichwa polepole, nami nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Nje pakazidi kuwa giza. Nilimtazama usoni, jambo alilotukataza. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka.

Chini ya kiganja changu kitu kikasogea.

Kama pumzi.

Kisha kiti kikawa kitupu. Hakuwa ameniambia niinue.

Nikasubiri. Dakika kumi na moja, kwa saa ya ukutani. Simu ikalia tena, nikapokea kwa mkono wa kushoto. Alikuwa Sarmila, muuguzi wa wodi.

"Pole sana, dada. Baba ameondoka. Ila hilo unalijua; mwenzangu aliyepiga mwanzo hakujua kwamba upo hapa."

"Nalijuaje?"

"Si ulikuwa naye? Nimekuona unatoka sasa hivi. Koti la bluu."

Nikalitazama koti langu, limetundikwa nyuma ya mlango.

"Jioni yote hii umekaa kimya, umemshika mkono. Niliwaambia wenzangu, huyu binti ni wa baba yake kweli, mikono yake inatetemeka hivyo hivyo." Akashusha sauti. "Kuna karata kwenye ngumi yake. Imeandikwa jina lako kitoto, kwa zambarau. Tumwachie?"

Nikainua mkono wa kulia.

Tatu ya shupaza. Lindsay Thirkell.

Na mkono wangu ulikuwa unatetemeka.

Tulimzika na karata yangu. Mikono yangu haijatulia tangu siku ile, na madaktari wawili hawajaona ugonjwa. Nilijifariji kwamba hakuondoka peke yake. Kiti hakikuwa kitupu. Sijui ni nani aliyekikalia, lakini alikuwa na sura yangu, na alifanya nilichoshindwa kufanya mimi.

Wiki iliyopita Sarmila akapiga tena. Alikuwa ananong'ona.

"Dada, mgonjwa mpya wa kitanda kile analalamika. Anasema kila jioni kuna mwanamke wa koti la bluu. Haongei. Ameweka kiganja juu ya shuka, hakiinui. Kama anasubiri aambiwe."

Koti langu limetundikwa nyuma ya mlango. Linanuka matufaha.

Mara mbili nimefanya jambo kabla ya wakati wake. La kwanza nilitaka fimbo ivunjwe. La pili niliinua mkono, na aliyepaswa kuniambia "inua" nimeshamzika, mchezo ukiwa haujaisha.