Nilikimbia Kisu, Nikaipoteza Pua ya Bibi

Nina miaka ishirini na nane. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko la Nachingwea, na wateja wananijua kwa magauni ya harusi. Kwa mwaka mmoja sasa wananijua pia kwa barakoa. Wageni hudhani naogopa mafua. Wenyeji hawaulizi… na kule kutouliza kwao kunaniuma kuliko swali.

Leo naivua mbele yenu, wasomaji wenzangu. Hamnioni, ndiyo maana nimepata ujasiri.

Nilizaliwa Nandagala, wilaya ya Ruangwa. Mama yangu alipofuka kwa ugonjwa wa vikope nikiwa darasa la tano. Hakukaa akilia. Alivipa vidole vyake kazi ya macho. Hadi leo, msimu wa korosho ukifika, majirani humletea korosho zao awachambulie kabla hazijapelekwa ghalani. Hukaa uani kwenye mkeka, anachota, anapapasa, nzuri huku, mbovu kule. Sijawahi kuona amekosea.

Nami alinisoma hivyo hivyo. Kila nikirudi nyumbani, hata kama nilitoka kisimani tu, nilipiga magoti mbele yake anipapase uso. Paji, nyusi, mashavu. Kisha vidole vilishuka kwenye pua yangu, na hapo vilikaa.

Pua yangu ilikuwa pana, bapa mgongoni, yenye ncha nene ya mviringo. Ilikuwa pua ya bibi mzaa mama, ambaye pia nilirithi jina lake, Somoe. Mama mwenyewe hakuipata. Yeye alitoka na pua nyembamba ya baba yake, mtu wa Malolo. Picha ya bibi hatuna hata moja.

"Uso wa mama yangu umeshanitoka," aliniambia siku moja. "Hata ndotoni siuoni tena. Lakini nikikushika hapa, namkuta."

Kwa sababu ya jina hilo, na mimi aliniita mama. Karibu, mama. Umekula, mama?

Kitu kama hicho mtu anakibadilisha kwa nini? Nimejiuliza hivyo mara ngapi…

Mambo yalianza siku ya posa. Aliyeniposa ni Issa, kijana wa Kiegei aliyekuwa akitengeneza simu mjini Nachingwea. Wazee wake walikuja Nandagala na barua yao, tukawapokea kwa pilau, na ukoo wote ulikuwepo. Alikuwepo mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndoa ya mpwa wake. Na alikuwepo binti yake, Sikudhani, mwenye saluni ya nywele mjini.

Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako. Anaweza kukusema mbele za watu, akakunyang'anya hata sahani mkononi, na huruhusiwi kununa. Unamjibu kwa neno kali zaidi, watu wanacheka, mnakula.

"Shemeji, umekagua vizuri?" Sikudhani alimwambia Issa, wazee wakiwa bado wameshika barua. "Hiyo pua ikivuta pumzi mara moja chumbani, wewe utabaki unatweta kama samaki. Jenga nyumba yenye madirisha mengi."

Uwanja ukaangua kicheko. Zamu ilikuwa yangu kujibu, lakini nilichelewa. Mama akanijibia kutoka kwenye mkeka wake.

"Hiyo pua ni ya bibi yako pia, Sikudhani. Alitaka kukupa, akaona mdomo umeshachukua nafasi yote."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilimtazama Issa. Alikuwa amecheka kwa lile la kwanza, tena alikuwa anafuta machozi.

Hapo ndipo nilipokosea. Utani huachwa uwanjani pamoja na majivu ya jiko la pilau. Mimi niliufunga kwenye upindo wa kanga, nikaondoka nao.

Wiki ile ile Issa aliweka picha yangu kwenye simu yake ili marafiki zake wamwone mchumba. Nilipoitazama, nikaona mwanamke aliyevaa gauni langu, amesimama kwenye ua wetu… lakini pua haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, imesimama. Nilimuuliza amefanya nini. Alicheka kidogo, akasema simu yenyewe ndiyo inajipendezeshea, na kwani sijapendeza? Nikamjibu kwamba nimependeza.

Tangu siku hiyo nilikaa mbele ya kioo cha kibandani, kile cha wateja kujipimia, nikiibana pua yangu kwa vidole viwili. Nilikuwa namtafuta yule mwanamke wa kwenye picha.

Nilipokwenda Dar es Salaam kununua vitambaa vya harusi, nilipita kwa daktari mmoja wa upasuaji wa sura. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alinieleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni kisu: nitalazwa usingizi, mfupa na gegedu vitachongwa, nitavaa plasta ngumu juu ya pua kwa wiki nzima au zaidi, na uvimbe utachukua miezi mingi kuisha kabisa. Tena alitaka nije na ndugu wa kunihudumia. Njia ya pili ni sindano: dawa nzito inajazwa chini ya ngozi, pua inaonekana imenyanyuka, na baada ya mwaka hivi dawa inayeyuka yenyewe.

Macho yangu yaling'aa kwa ile ya pili. Akaliona hilo. Akaniambia watu wanaiona sindano nyepesi kwa sababu haina kovu, lakini pua ina mishipa midogo ya damu, na dawa ikiingia kwenye mshipa, ngozi inakufa. Akasema hiyo pia ni kazi ya daktari, aliye na dawa ya kuyeyusha pale pale mezani.

Kisha akaniuliza, "Nani amekuambia pua yako mbaya?"

Nilitafuta jina la kumtajia. Nikalikosa. Yaani niseme ni mtani wangu?

Nilirudi Nachingwea na njia zote mbili kichwani. Kisu nilikiogopa, hilo ni kweli. Lakini lililoamua si woga wa kisu. Ni vidole vya mama. Nikija na plasta usoni, ataigusa. Akiigusa, ataniuliza. Sindano haina plasta. Nilijiambia kwamba nitapandisha mgongo wa pua kidogo tu, ncha ibaki vile vile, na mama atamkuta mama yake mahali pale pale.

Ndugu zangu, nilichagua ile njia ambayo mama asingeijua. Kumbe nilipaswa kujiuliza kwa nini namficha!

Sikudhani ndiye niliyemweleza. Hakunicheka. Alinishika mkono, akasema angejua kwamba neno lake lilinichoma hivyo asingelisema. Halafu akaniambia kwamba sindano hiyo yeye anaijua, amejifunza mjini kwa wiki mbili na cheti anacho, na wateja wawili ameshawachoma wakatoka kama malkia. Kwa nini nimfuate daktari Dar wakati damu yangu ipo hapa?

Nilimuuliza kama ana ile dawa ya kuyeyusha.

"Ya nini? Unaandaa jeneza kabla ya mgonjwa?" Akacheka. Nami nikacheka. Safari ile nilijitahidi nicheke.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika chumba cha nyuma cha saluni yake, kilichonukia dawa za nywele. Sindano ya kwanza sikuisikia sana. Ya pili, karibu na ncha, ilipasua kama kisu cha moto kikapanda hadi katikati ya macho. Nilipiga kelele. Sikudhani akanipa kioo. Pua ilikuwa imesimama… na ncha yake ilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa.

"Kawaida hiyo. Dawa inajipanga," alisema. Akanifungia barafu kwenye kitambaa.

Hadi jioni weupe ulikuwa umegeuka madoa ya zambarau. Nilitaka kwenda hospitali. Sikudhani alifunga mlango, akakaa miguuni pangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona hana mzaha.

"Somoe, ukienda watauliza nani kakuchoma. Watanifungia saluni, pengine na mimi wanifunge. Baba ataniua. Wewe ni damu yangu. Subiri siku mbili tu."

Ningefanya nini? Tumelelewa tukiambiwa aibu ya ukoo haitoki nje ya ua. Nikasubiri. Jumapili, ncha ya pua ilikuwa nyeusi. Jumatatu ilianza kutoa maji yenye harufu, na harufu hiyo niliibeba puani mwangu mwenyewe, nisiweze kuikimbia. Mama alipiga simu, akauliza mbona sauti yangu imeziba. Nikasema mafua.

Jumanne nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari kijana aliyenipokea alikunja uso, akaniuliza ni lini nilichomwa. Nikamwambia Jumamosi.

"Dada, ungekuja siku ile ile."

Aliandika barua ya rufaa, na siku iliyofuata nilikuwa Dar es Salaam mbele ya yule yule daktari mpole. Alinikumbuka. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alinilaza, akashika kisu, akaondoa nyama iliyokufa ili isile nyingine. Ncha ya pua yote ilikwenda, na ukingo mmoja wa tundu.

Nilikuwa nimekikimbia kisu. Kisu kikanisubiri mwisho wa njia.

Issa alikuja kuniona niliporudi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akayatazama machungwa aliyoyaleta, akasema Mungu atasaidia. Baada ya wiki mbili wazee wake walimwendea mjomba na maneno ya kistaarabu. Ndoa ikafa kimya kimya, kama moto wa mabua.

Lakini jeraha kubwa zaidi lilitoka nyumbani. Mjomba alipouliza, Sikudhani alisema nilijichomea mwenyewe Dar, kwa watu nisiowajua, na kwamba yeye alinikataza. Alilia alipokuwa akisema. Aliyekuwa amekaa miguuni pangu akiniita damu yake… Mjomba alimwamini mwanawe. Nami nilinyamaza, kwa sababu aliyeficha wakati wa kusema anapata wapi mdomo baadaye?

Miezi miwili sikwenda Nandagala. Kila simu ya mama nilijibu kazi nyingi. Siku moja akaniambia, "Basi kama huji, mama, nitatafuta mtu wa kunishika mkono nije mimi." Kesho yake nikapanda basi.

Nilimkuta uani na fungu la korosho la jirani. Alisikia hatua zangu, akakung'uta mikono kwenye kanga, akaninyooshea. Nilisimama nikitamani ardhi inimeze. Kisha nikapiga magoti.

Paji. Nyusi. Mashavu. Vidole vikashuka… vikasimama.

Viliondoka, vikarudi. Vilipita polepole kwenye kovu, vikatafuta pembeni, vikatafuta chini, kama anavyotafuta korosho iliyomdondoka kwenye mkeka.

"Amekwenda wapi?" mama aliuliza.

Niliishika mikono yake.

"Mama yangu. Alikuwa hapa. Amekwenda wapi?"

Nililia nikamweleza yote, tangu picha ya Issa hadi mlango wa saluni uliofungwa. Hakunikemea. Aliniuliza jambo moja tu, nani alishika sindano. Nikamtajia. Akashusha mikono, akarudia kuchambua korosho. Na kwa mara ya kwanza nilimwona akiweka mbovu kwenye fungu la nzuri, moja, mbili, tatu, bila kujua. Nilizitoa taratibu asisikie.

Mwezi ule ule kulikuwa na arobaini ya shangazi, tukakutana wote. Sikudhani alifika, akasalimia, akataka kuuvunja ukimya kama alivyozoea. Akaanza, "Somoe, hiyo barakoa umemfichia nani, wezi wa pua…"

"Sikudhani," mama alimkatiza. Hakupaza sauti. "Kuanzia leo wewe si mtani wa mwanangu. Ukimwambia neno, ni neno. Nasi tutalichukua kama neno."

Kwetu hakuna aliyewahi kusikia utani wa mabinamu ukifutwa. Watu waliacha kula. Sikudhani alifungua mdomo, akamtazama baba yake, akaufunga. Hakukana. Mjomba aliangalia mikono ya dada yake mapajani, kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akainamisha kichwa. Naye akajua.

Je, nilifurahi? Hapana. Ukweli haukunirudishia chochote.

Dada zangu, na kaka pia, mnaosimama mbele ya kioo mkibana pua kwa vidole viwili: siwaambii kisu ni kibaya au sindano ni mbaya. Kuna wanaohitaji, na kuna madaktari wa kazi hiyo. Nawaambia tu, mkianza kuchagua njia kwa kuangalia ipi haitajulikana nyumbani, simameni hapo. Msimpe uso wenu mtu kwa sababu ni ndugu. Na mwili ukianza kuuma na kubadilika rangi, kimbieni hospitali siku hiyo hiyo, aibu itakuja nyuma taratibu. Zaidi ya yote, muulizeni mnayempenda uso wenu una nani ndani yake. Mimi niliambiwa, na bado sikusikia.

Nikirudi Nandagala siku hizi, bado napiga magoti mbele ya mkeka. Mama hanipapasi uso tena. Ananishika viganja, anavikandakanda, anauliza safari. Tena haniiti mama. Ananiita Somoe.