Cherehani Iliyogeukia Ukuta

Chumba cha fundi kilikuwa na cherehani mbili. Ya mume ilikwenda mbio kama mtu aliyechelewa safari. Ya mke ilikwenda taratibu, ikipumzika kwenye kona, kisha ikiendelea. Kwa miaka mingi zilikaa zikitazamana. Mume na mke walishona huku wakitaniana, na mkasi mmoja ulizunguka kati yao kutwa nzima.

Wateja walimwita mume Sindano, kwa wembamba wake na kwa ukali wa jicho lake. Mshono ukipinda kidogo tu, yeye aliuona akiwa bado mlangoni.

Siku moja jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua sare yake. Ilikuwa imeshonwa na mke. Muuguzi akaigeuza, akaitazama.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," Sindano akamwambia. "Nimeipitia mwenyewe. Nimefumua ubavu wote nikaurudia."

Mke alikuwa pale pale, anapiga pasi. Hakuinua uso. Jioni alipofagia, alikuta chini ya cherehani ya mumewe nyuzi za buluu alizoshonea ile sare, zimekatwakatwa. Haikuwa mara ya kwanza kukuta nyuzi zake hivyo.

Kesho yake Sindano alikuta cherehani ya mkewe imegeuzwa, inatazama ukuta. Mkewe alishona akiwa amempa mgongo. Akajinunulia na mkasi wake.

"Kuna nini, Mama Watoto?"

"Hakuna kitu."

Ile "hakuna kitu" ilikaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Kisha jioni moja, wakila, mke akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwezi ukiisha nahamia kwa dada yangu. Nitashona kibarazani kwake."

Sindano akacheka. Lakini alipomwona mkewe anapanga nyuzi zake kwenye kopo, moja moja, kicheko kilimkauka. Akatoka, akaenda kwa muuguzi.

"Sasa mimi nimemkosea nini?" akauliza. "Simpigi. Simtukani. Pombe siijui."

"Umemuuliza?"

"Anasema hakuna kitu."

"Basi nendeni kwa mshauri wa wanandoa. Pale zahanati yuko mmoja, mama mtulivu. Kazi yake ni kuwasaidia watu wasikilizane."

Sindano akakunja uso. "Mambo ya ndani niyatoe nje, tena nilipie? Mimi namwomba Mungu. Inatosha."

"Na jino likikuuma, shemeji?"

"Naomba Mungu."

"Halafu?"

Sindano akajikuna shingo. "Halafu naenda kwa daktari."

"Mungu hajakasirika bado," muuguzi akasema, akampa namba ya simu.

Sindano alipiga simu hiyo kama anavyopiga kwa muuza vitambaa. Alitaka bei kwanza.

"Kazi nzima ni kiasi gani?" akauliza. "Na inachukua muda gani? Nikimleta Jumatatu, nitamchukua lini?"

Mshauri akamuuliza, "Unamleta nani?"

"Mke wangu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Kazini."

"Baba, hii si suruali ya kuachwa kwa fundi," mshauri akasema, na sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Ndoa ina pande mbili. Ukiniletea upande mmoja, nitauunganisha na nini?"

Sindano, fundi wa miaka yote hiyo, akavuta kiti akaketi kusikiliza.

Mshauri akamweleza polepole. Malipo ni kwa kila kikao, si kwa kazi nzima. Kikao kinachukua muda wa saa moja hivi. Mazungumzo ya kwanza kwenye simu, kama haya, hayalipiwi. Kwake yeye kikao kimoja kilikuwa sawa na ujira wa kushona gauni moja la kawaida. Mwenye kipato kidogo husema mapema, akapunguziwa.

"Kila mahali pana bei yake," akasema. "Kwingine ni ghali zaidi. Kwingine wapo wanaojifunza kazi hii chini ya usimamizi, na bei yao ni nafuu. Zipo hata nyumba za ibada zinazosaidia bure. Popote mtakapokwenda, ulizeni mambo matatu: amesomea wapi, anatoza kiasi gani, na mkikosa kufika mtatozwa au la. Mimi mkiniarifu siku moja kabla, siwatozi."

"Na vikao ni vingapi?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Tuanze na vichache, kisha tukae tuangalie kama vinasaidia. Mna haki ya kuacha."

Sindano alimwambia mkewe yote. Mke alisikiliza akiwa amekiegemea kiti chake, mbele ya cherehani iliyotazama ukuta.

"Utakuja na wewe?" akauliza.

"Nimeambiwa bila mimi hakuna kazi."

"Aliyekwambia hivyo ana akili," mke akasema. "Nitakwenda. Lakini nyuzi zangu zitabaki kwenye kopo."

Siku ilipofika, Sindano alibeba mfuko. Chumba cha mshauri kilikuwa kidogo, kina viti vitatu na pazia ambalo pindo lake, Sindano aliona mara moja, lilikuwa limelegea. Alijizuia kulisema.

Mshauri alianza na taratibu. Watakayosema hayatatoka nje, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kisha alizungumza na kila mmoja peke yake kwa dakika chache. Alimuuliza Sindano kama kuna kupigana au kutishana nyumbani. Sindano akasema hapana. Mkewe naye aliulizwa hivyo hivyo.

"Huwa nauliza kila mtu," mshauri akawaambia walipokaa tena pamoja. "Penye kipigo au hofu, hatuanzi kwa kuwaketisha pamoja. Tunaanza na usalama."

Ndipo Sindano akafungua mfuko wake. Akatoa sketi, akaitandaza mezani. "Huu hapa mshono wake. Tazama mwenyewe ulivyopinda. Halafu uamue."

Mke akageuza uso.

Mshauri akaikunja ile sketi, akamrudishia. "Mimi sijui kushona, na si hakimu. Sikai hapa kusema nani ameshinda. Mama, sema linalokuuma. Baba, ukimaliza kumsikiliza, utarudia alichosema kabla ya kujibu."

Mke akavuta pumzi. "Anafumua kazi yangu bila kuniambia. Najua kwa kukuta nyuzi sakafuni. Halafu anawaambia wateja. Mimi ndiye wa mwisho kujua nimekosea."

"Baba?"

"Amesema hajui kushona."

"Sikusema hivyo," mke akasema taratibu.

Akasema tena. Sindano akajaribu tena, akakosea tena. Mara ya tatu maneno yalimtoka kwa shida. "Amesema... namfumua yeye. Mbele za watu." Akainamisha kichwa. "Fundi aliyenifundisha alikuwa akifumua kimya kimya. Nilidhani ndiyo heshima, kutomkemea mtu."

Mke alimtazama. Miaka yote hiyo alidhani ni dharau.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Kikao kilichofuata walitoka wamenuniana, kila mmoja akashika upande wake wa barabara. Lakini walirudi. Mshauri aliwapa kazi ya nyumbani: kila jioni, kabla ya kufunga chumba, mmoja aseme na mwenzake asikilize, kisha wabadilishane. Walikubaliana kwamba hafumui mtu kazi ya mwenzake bila kumwita. Na Sindano alimwendea muuguzi, akamwambia ile sare haikuwa na ubovu wowote.

Mwezi uliisha. Kopo la nyuzi lilikuwa bado limefungwa, lakini mke hakuhama. "Namalizia kwanza vikao," alimwambia dada yake.

Vikao vikaanza kuwa vya nadra, mwishowe vikakoma. Sindano alipiga hesabu kichwani akaona gharama yote ilikuwa ndogo kuliko ya kuendesha nyumba mbili.

Asubuhi moja alimkuta mkewe ameshika kona ya meza ya cherehani yake.

"Baba Watoto, shika huko. Taratibu, usije ukaniponda mguu, nikakurudisha kwa mshauri."

Wakaigeuza.

Siku chache baadaye muuguzi alileta kitambaa kipya. Aliporudi kuichukua sare mpya, akapitisha kidole kwenye ubavu. "Mshono mzuri. Wa nani huu?"

Zamani Sindano angejibu yeye. Safari hii aliinua macho kutoka kwenye cherehani yake.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Huyo hapo mbele yangu."