Aliyeingia Bila Neno la Siri

Asubuhi hiyo Médiatrice alikuta ujumbe wa watu uko wazi kwenye kompyuta kabla hajaandika neno la siri, na chumba kinanuka nywele zilizoungua.

Vita ilikuwa bado haijaisha. Pale kwenye duka la intaneti la Amur, Bujumbura, alikofanya kazi Médiatrice, waliotawanyika waliandikiana: nani yuko hai, nani kajificha wapi. Médiatrice mwenyewe alikuwa amemwandikia mama yake, aliyekuwa kambini Tanzania, kwamba kaka yake Méthode yuko mtaa wa Kinanira, nyumba ya nyuma ya kanisa.

Alibadilisha neno la siri. Kesho yake, yale yale.

"Patron, programu ya hii mashini imezeeka," alinong'ona Astère, fundi wa kompyuta. "Mutu akijua anwani fulani, inamupitisha bila kumuuliza mot de passe, lile neno la siri. Tuweke mupya."

"Tufunge duka? Apana," alisema Amur. "Hii harufu ni ya jini. Nitamuita Mwalimu Moosa."

Moosa alifukiza ubani, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo mashini ilivyozidi kuhema kama mnyama aliyekimbizwa, harufu ikamwingia Médiatrice puani, kooni, kifuani, mpaka mdomo wake ukafunguka wenyewe na sauti nzito ya kiume ikatoka humo, ikisema polepole: Kinanira, nyumba ya nyuma ya kanisa.

"Nani amekuingiza?" Moosa aliuliza.

"Nimefuata watu. Waliingia bila kuulizwa kitu, nami nikaingia nyuma yao. Wao walisoma, mi nilisikiliza."

"Toka!"

Jini akatoka. Harufu ikakatika papo hapo. Amur akamshukuru Mungu. Médiatrice alikuwa ameshakimbia.

Kinanira alikuta kitanda kimepinduliwa, Méthode hayupo. Jirani alichungulia dirishani.

"Wamemubeba jana, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Walijua mpaka chumba."

Aliporudi dukani, wateja walikuwa wanaandika kwenye programu ile ile, huyu akimweleza mkewe alipo, yule mwanawe.

"Mwalimu, muite arudi," Médiatrice alimwambia Moosa, aliyekuwa bado akikusanya vitu vyake.

"Nani, binti yangu?"

"Jini."

"Astaghfirullah! Wa nini?"

"Ni yeye tu amewaona sura waliosoma ujumbe wangu."

Moosa akafunga mfuko wake wa ubani, akaondoka bila kumtazama. Médiatrice akavuta kiti mbele ya kompyuta, akafumba macho, akaacha mdomo wazi, akangoja.