Siku Boris Aliponyamaza

Katika Shule ya Wasichana ya Harthwaite, kaskazini mwa Uingereza, kengele ya kuamka ilipigwa saa kumi na mbili na nusu, hata kama wa kuamshwa alikuwa mmoja. Sheria ni sheria. Bi Oddy, mlezi wa bweni, alisimama mlangoni akaitikisa kengele kwa heshima zote, na vitanda hamsini na saba vitupu vikamsikiliza. Kitanda cha hamsini na nane kikaguna.

“Amka, kipenzi. Uji unapoa.”

“Bi Oddy, si ungeniita jina tu?”

“Nikikuita jina leo, wakirudi wenzako watataka kuitwa wote hamsini na saba. Kanawe uso.”

Ilikuwa likizo fupi ya katikati ya muhula, Novemba 1965. Wenzake walikuwa wamekwenda makwao. Gwenda Ridley, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alibaki, maana baba yake alikuwa askari huko Ujerumani, mama yake alikuwa huko pamoja naye, na siku nne zisingetosha kwenda na kurudi. Alikula uji peke yake kwenye meza ya watu ishirini. Alipoangusha kijiko, mlio wake ulikwenda hadi ukuta wa mbali, ukagonga, ukarudi.

Hata hivyo, Gwenda alikuwa na kazi. Mwalimu Thackray, aliyefundisha fizikia, alikuwa na chama cha wasichana sita waliosikiliza kwa redio setilaiti za jeshi la Urusi. Magazeti yalisema ni vyombo vya utafiti. Mwalimu Thackray alisema utafiti wenyewe ulikuwa wa kupiga picha nyumba za watu bila kubisha hodi. Kila mpya iliporushwa, wasichana waliiita Boris; huyu wa sasa alikuwa juu tangu Jumapili iliyotangulia.

Kwa nini Boris haanguki? Mwalimu aliwahi kulieleza jambo hilo katika ukumbi wa chakula, akiwa ameshika skonzi.

“Nikilitupa polepole, litaanguka hapa. Nikilitupa kwa nguvu, litafika kwa mpishi. Sasa nilitupe kwa kasi ya kupita kutoka hapa hadi London katika muda wa kufunga kamba za viatu. Litaendelea kuanguka, lakini kwa kuwa Dunia ni mviringo, ardhi nayo inazidi kujipinda chini yake. Linaanguka siku zote, halifiki.”

Boris aliizunguka Dunia kwa dakika themanini na tisa hivi. Kila aliporudi, Dunia nayo ilikuwa imejigeuza kidogo, kwa hiyo alipita juu ya nchi nyingine. Juu ya Harthwaite alisikika mara nne tu kila siku, dakika chache kila mara, kisha akazama upande wa mashariki. Kazi ya msikilizaji ilikuwa kuandika kwa wino saa alipoanza na saa alipokoma.

Chama kilikuwa na desturi yake. Aliyekosa kumsikia Boris alivaa kichwani kofia ya sufu ya kufunikia birika la chai lisipoe, akanywa nayo chai mbele ya shule nzima. Gwenda, aliyejiunga wiki tatu tu zilizopita, alikuwa hajawahi kuivaa. Kabla ya chama hicho hakuwa na meza ya kukaa wala mtu wa kumwekea nafasi. Aliogopa kofia ile kuliko mtihani wa Kifaransa.

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi Boris alifika kwa wakati. Ishara yake ililia masikioni, pii-pii, pii-pii, na Gwenda akaijibu, “Habari za asubuhi, Boris. Leo tena uji.” Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa hana mwingine wa kumwambia.

Jumapili alivaa visikilizio mapema. Saa mbili na dakika kumi na mbili ikafika. Kimya.

Alisubiri dakika kumi. Akageuza kitufe kidogo kushoto, akakirudisha. Pembeni ya mawimbi yale akasikia vizuri kituo kinachotangaza saa, ti, ti, ti. Pa Boris palikuwa na mvumo mtupu, kama wa kombe la baharini lililowekwa sikioni. Saa tatu na dakika arobaini na moja, kimya. Saa tano na dakika kumi, kimya. Alitoka nje akautazama waya wa antena kati ya bomba la moshi na mti. Ulikuwa salama. Akarudi. Saa sita na dakika thelathini na tisa, kimya.

Hakukuwa na wa kumuuliza. Bi Oddy alikuwa kanisani, na hata angekuwapo angesema labda Boris naye kaenda likizo. Gwenda aliukazia macho ukurasa mtupu. Aliona ile kofia ya birika. Aliona wenzake wakicheka: mara moja tu tumemwachia redio, tayari kaiharibu. Akachovya kalamu. Akachukua saa za jana, akaondoa dakika chache, maana hewa nyembamba ya huko juu humvuta Boris ashuke kidogo kidogo, na anayeshuka huzunguka upesi zaidi. Uongo wake ulikuwa na hesabu safi kabisa. Mwalimu yeyote angeupa maksi zote.

Jumatatu mchana wasichana walirudi na masanduku na kelele. Mwalimu Thackray alilisoma daftari akiwa bado na koti mwilini.

“Jumapili mara nne! Mnaona? Nilidhani hukaa juu siku nane tu, kisha Warusi humteremsha pamoja na picha zake. Jumapili ilikuwa siku ya nane, naye bado alikuwapo! Nilikosea, na nimefurahi kukosea. Naliandikia jarida la sayansi leo hii. Gari la posta linapita saa kumi na moja.”

“Gwenda wetu!” alisema Prudence Holroyd, kiongozi wa chama, akamwekea mkono begani. “Peke yako siku nne, hukukosa hata moja! Leo chai unakaa nami, usiniambie una miadi na Bi Oddy.”

Wote wakacheka, na kwa mara ya kwanza walikuwa wakicheka pamoja naye. Gwenda akacheka pia. Kilikuwa kitu alichokitaka tangu Septemba, nacho kilikuwa mkononi mwake. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika arobaini.

Mwalimu alikuwa ameshaandika barua, sasa akilamba bahasha.

“Mwalimu, usiifunge.”

“Mh?”

“Jumapili sikusikia kitu. Niliandika saa za kubuni.”

Prudence aliuondoa mkono wake polepole.

“Kwa hiyo umetudanganya?” alisema. “Sisi sote?”

“Nilidhani nimeharibu redio.”

Mwalimu Thackray hakupaza sauti. “Kituo cha saa ulikisikia?”

“Vizuri kabisa. Mara zote nne.”

“Na antena?”

“Nilitoka kuitazama. Ilikuwa nzima.”

Mwalimu akaketi. “Basi redio ilikuwa nzima, na msikilizaji alikuwa macho. Gwenda, Boris alikuwa ameshateremshwa. Pengine ulipokuwa ukila uji. Hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta muhula mzima, ukakipata wewe, ukakifukia kwa mkono wako.”

Gwenda akaanza kulia.

“Wiki mbili hutashika visikilizio,” Mwalimu aliendelea. “Na sisi tulioweka kofia ya kumcheka asiyesikia kitu, tuna sehemu yetu katika kosa hili. Kuanzia leo hiyo kofia ni ya birika tu. Nisikilizeni nyote. Anayeandika alichotamani kusikia hana tofauti na aliyelala. Ukisikia kimya, andika kimya, utie sahihi. Ukweli mtupu una faida kuliko uongo uliojaa. Sasa keti uandike upya, zimebaki dakika kumi na tano.”

Gwenda alifuta macho, akaandika zile saa zote nne za Jumapili, na mbele ya kila moja: hakuna ishara. Tone la wino likaanguka pembeni.

Prudence alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo, amekunja mikono. Hakuwa amesamehe bado. Lakini aliichukua karatasi ya kukaushia wino, akaigandamiza juu ya tone.

“Tia sahihi, bibie,” alisema. “Gari linakuja.”