Kiti cha Mbele cha Bibi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia ofisini kwa mama yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu ajue kusema mdomo wake haujapata likizo. Mama yake alikuwa karani wa tiketi za ndege katika ofisi ndogo iliyobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Ndani mlikuwa na meza mbili, moja ya Mama na moja ya meneja, feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza, na benchi la wateja ambalo Chiriku alilifanya dawati lake la kazi za shule.

Ofisi hiyo ilikuwa na sheria moja ambayo hata mfagizi aliijua: ukiinuka, funga. Karani akisimama, hata kama anakwenda kunywa maji tu, sharti aifunge kompyuta yake kwanza. Mama aliishika sheria hiyo hata alipoinama kuokota kalamu.

"Mama, tuko wawili tu humu," Chiriku alimtania. "Nitaiba ndege?"

"Ukiiiba utaiegesha wapi?" Mama alijibu, na akafunga.

Siku hizo Chiriku hakuwa na hadithi nyingine ila safari ya Bibi. Bibi, mama mzazi wa mama yake, alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alikanyaga cherehani yake kutwa kucha ili amsomeshe kitinda mimba wake, mjomba wa Chiriku, na sasa mjomba huyo alikuwa akihitimu chuo katika mji wa mbali. Cherehani ilimpa mwanawe ada, ikamchukulia Bibi magoti. Akikaa muda mrefu bila kunyoosha miguu, hawezi kuinuka mpaka ashikwe mkono.

"Nimewekwa wapi kwenye hilo dege?" Bibi aliuliza.

"Nyuma kabisa, Bibi, karibu na choo. Ndege imejaa."

"Basi si haba. Magoti yakinishinda, choo hakitanishinda."

Chiriku alicheka, lakini neno hilo lilimchoma. Alimpenda bibi yake kuliko alivyojua kusema, na yeye alijua kusema.

Alasiri moja ya mvua, mteja mmoja mzee aliteleza kwenye ngazi za ofisi na kuanguka kwa kishindo. Meneja alipiga kelele kuomba msaada, na Mama akatoka mbio. Kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya Chiriku, aliinuka bila kufunga.

Chiriku alisogea kwenye meza. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mchoro wa ndege ile ile ya Bibi, viti vikiwa vijisanduku vilivyopangwa kwa mistari. Karibu kila kijisanduku kilikuwa na jina la mtu. Kule mbele, kwenye viti vikubwa vya daraja la kwanza, kimoja hakikuwa na jina. Kilikuwa na msalaba mdogo tu.

"Kiti hakina mwenyewe," alijiambia. "Kiruke kitupu, na Bibi abanwe chooni?"

Alikuwa amemtazama mama yake akifanya kazi hiyo tangu akiwa mdogo, na vidole vyake vilijua njia. Aliuondoa msalaba, akamhamishia Bibi pale. Mama aliporudi, viatu vikimwaga maji, alimkuta mwanawe ameinamia daftari la hesabu kama mtakatifu.

Jioni Chiriku alimnong'oneza Bibi. "Shirika la ndege limekupa zawadi. Limekupandisha daraja la kwanza. Usimwambie Mama, nataka ashangae uwanjani."

"Mimi?" Bibi aliweka mkono kifuani. "Haya mke mwenzangu, leo umenipita hata kwa habari njema!"

Mashirika ya ndege hupandisha abiria madaraja mara moja moja, Mama mwenyewe alikwisha kumsimulia. Kwa hiyo Chiriku aliona uongo wake umefungwa vizuri, hauna pa kuvujia.

Siku ya safari Bibi alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, akajitazama kwenye kioo mpaka teksi ikapiga honi. Uwanjani, kijana wa dawati alipima begi lake, akamkabidhi kadi ya kupandia ndege. "Karibu sana, Mama. Uko mbele, daraja la kwanza."

Mama akageuka. "Daraja la kwanza? Nani kakupandisha?"

"Muulize mjukuu wangu," Bibi alisema huku akicheka.

Mama alimtazama Chiriku. Chiriku alitazama viatu vyake.

"Kulikoni?" Mama alisema taratibu. "Chiriku leo kanyamaza?"

Kabla hajajibiwa, zogo lilizuka kwenye dawati la pili. Mwanamme mmoja alikuwa ameketi katika kiti cha magurudumu, mguu wake mmoja umefungwa plasta kutoka nyonga hadi kisigino, umenyooka mbele yake kama boriti. Alikuwa fundi wa mapaa, na alianguka akiwa kazini. Mkewe ndiye aliyekuwa akisema, na sauti ilikuwa ikimkatika.

"Kiti chetu hakipo vipi? Daktari anatungoja kesho asubuhi! Alisema akichelewa, mguu huu wataukata. Mmesikia? Wataukata!"

"Dada, ndege imejaa," alisema msimamizi wa madawati, mwanamke mrefu mwenye miwani. "Kwa mguu huo hawezi kukaa kwingine ila kile kiti cha mbele. Na kile kina abiria tayari. Ndege nyingine ni wiki ijayo."

Mama alikwisha kuwatambua. Aliacha begi la Bibi pale pale, akaenda mbio. "Tiketi hizi nilizikata mimi! Kile kiti nilikiombea ruhusa kwa simu asubuhi nzima. Nikakitia alama ya msalaba kwa mkono wangu, asije akapewa mwingine!"

Chiriku alihisi ardhi imemkimbia. Msalaba! Kumbe kile kiti kitupu kilikuwa na mwenyewe, na aliyekilinda alikuwa mama yake.

Msimamizi alibofya kompyuta yake, kisha akaigeuza Mama aone. "Alama hiyo imeondolewa. Imeondolewa kutoka ofisini kwenu, kwa jina lako wewe. Na aliyewekwa hapo..." Alimtazama Bibi, akashusha sauti. "Huyu si mama yako mzazi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama. Mke wa fundi alimgeukia Mama na macho mekundu. "Umemuuza mume wangu ili mama yako akae pazuri?"

"Sikuiondoa," Mama alisema. Sauti haikuwa yake. "Wallahi, sikuiondoa."

Msimamizi alikwisha kumpigia simu meneja wa ofisi. Alisikiliza, akaitikia, akasema, "Ndiyo, yuko hapa hapa," kisha akampa Mama simu. Chiriku hakuyasikia maneno ya meneja, lakini aliuona uso wa mama yake ukishuka kadiri alivyosikiliza, na akajua mama yake anakaribia kumwaga unga.

Chiriku alisimama katikati ya njia mbili. Akinyamaza, Bibi atapanda ndege, na kesho atamwona mwanawe akivaa joho alilolikanyagia cherehani miaka yote hiyo. Akisema, Bibi atashushwa mbele za watu. Alitamani mtu amwambie la kufanya, na hakuna aliyemwambia.

Mama alirudisha simu. Alifikiri kidogo, na ghafla macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Chiriku. Ilikuwa wazi amekumbuka ile alasiri ya mvua. Mama na mwana walitazamana. Kisha Mama akamgeukia msimamizi, akajikaza.

"Kompyuta ni yangu," alisema. "Andika kwamba kosa ni langu."

Hapo Chiriku alishindwa kujizuia.

"Si yeye!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Ni mimi! Mama alitoka kumsaidia mtu aliyeanguka, mimi nikaingia kwenye kompyuta. Nilidhani kiti hakina mtu. Mama hakujua, Bibi hakujua. Ni mimi peke yangu!"

Bibi alikuja taratibu, mkono mmoja umeshika goti.

"Uliniambia ni zawadi," alisema.

"Nilidanganya, Bibi."

Bibi hakumgombeza, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi. Aliiweka kadi yake juu ya dawati, akaisukuma mbele ya msimamizi. "Mpeni mwenyewe kiti chake. Mimi nirudisheni kule kule chooni kwangu."

Msimamizi alivua miwani. "Mama, ulipohamishwa, kile kiti cha nyuma kilibaki wazi, kikauzwa. Sasa kina mtu. Ngoja tu. Pengine abiria mmoja atachelewa, ukapata nafasi yake."

Wakakaa kungoja. Waliingia mzee na mkongojo wake, mama na pacha, wafanyabiashara wenye haraka, na kila aliyeingia Chiriku alihisi kama amemkanyaga kifuani. Mwishowe abiria wote walikuwa wamefika isipokuwa mmoja. Msimamizi alitazama saa. Bibi alianza kujinyanyua. Mama alimshika Chiriku mkono, akaubana.

Ndipo kijana mmoja akaingia mbio, jasho likimtiririka, akiburuta begi lenye gurudumu moja. "Nimewahi?" aliuliza.

"Umewahi," msimamizi alijibu kwa huzuni, naye kijana hakuelewa kwa nini.

Dawati likafungwa. Fundi wa mapaa aliomba asukumwe hadi alipokuwa Bibi. "Mama, sina cha kukulipa. Nilianguka kutoka juu, na leo nakwenda juu tena kwa hisani yako."

"Nenda, mwanangu," Bibi alisema. "Ila safari hii ushuke kwa ngazi."

Mkewe alicheka na kulia kwa pamoja, akaushika mkono wa Mama kuomba radhi. Walipoondoka, Bibi alijaribu kuinuka kwenye benchi, magoti yakagoma. Chiriku alimnyooshea mkono. Bibi aliutazama mkono ule, akautazama tena, kisha akaushika.

Jioni ile ile walipitia ofisini. Chiriku aliomba aachwe azungumze mwenyewe, akamweleza meneja yote bila kupunguza. Meneja alimsikiliza huku akikuna kidevu.

"Mwizi wa sokoni humwona anayemwibia," alisema. "Wewe ulimwibia mtu usiyemwona, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Nyuma ya kila kijisanduku kuna mtu na shida yake. Umesema kweli kabla ndege haijaruka, kwa hiyo mama yako hafukuzwi. Lakini aliinuka bila kufunga. Hataigusa kompyuta mpaka mwezi uishe, atapokea simu tu. Na wewe benchi hili si lako tena."

"Ndiyo, Mzee," Chiriku alisema. Mama aliinamisha kichwa, naye hakujitetea.

Asubuhi iliyofuata, wakiwa nyumbani, mke wa fundi alipiga simu. Upasuaji ulikwenda salama, mguu hautakatwa. Mama alishusha pumzi iliyosikika chumba kizima.

Mchana simu ikalia tena. Alikuwa mjomba, akiwapigia kwa video kutoka ukumbi wa mahafali, amevaa joho jeusi, kofia imemkaa upande. Watatu hao walisongamana juu ya simu moja. Bibi alipiga vigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini.

"Mama, laiti na wewe ungekuwa hapa!" mjomba alisema. "Tazama, nilikuwekea kiti cha mbele kabisa."

Akaigeuza simu. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, wengine wamesimama ukutani. Kwenye mstari wa mbele palikuwa na kiti kimoja kitupu, na juu yake mjomba alikuwa ametandika koti lake.

Vigelegele vya Bibi vilikatika. Alikitazama kile kiti mpaka picha ikaganda, akafuta macho kwa upindo wa lile gauni jipya, ambalo alikuwa amelivaa tena kwa ajili ya simu hiyo. Chiriku aliangua kilio.

"Nisamehe, Bibi. Nilitaka ukae vizuri."

Bibi alimvuta karibu. "Najua. Ulifanya kwa kunipenda, na mimi nimekusamehe. Lakini sikiliza, mke mwenzangu. Kujua kufungua mlango si ruhusa ya kuingia. Na ukitaka kunipa kitu, nipe kilicho chako, hata kikiwa kidogo. Umekiona kile kiti?"

"Nimekiona."

"Ni kitupu?"

Chiriku alikitazama tena kwenye kioo cha simu, na lile koti juu yake. Kwa mara nyingine siku hizo maneno yalikuwa machache kinywani mwake.

"Hapana, Bibi," alisema. "Kina mwenyewe."