Kuita Mtu Njiani

Siku ya soko mjini Baraka, ukisimama njiani unasukumwa, na Aline alikuwa amesimama. Alivaa kitenge kipya cha rangi ya mawese, kilichomkaa kiunoni hata washonaji wenzake wakamwonea wivu. Alikuwa kwenye foleni ya fonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, amsalimu shangazi yake wa Uvira. Ndipo mwanaume mmoja mrefu, soksi za kuchezea mpira hadi magotini na kambambili chini, akamkanyaga.

"Pardon, mama."

"Mama ya nani? Angalia kwenye unakanyaga!"

"Nilikuwa naangalia, dada. Lakini nilikuwa naangalia juu, kwenye sura yako."

Aline alitaka kukasirika, akacheka. Mwanaume mwenyewe aliitwa Wilfried Asukulu, seremala wa Fizi, kule mlimani, na alikuwa ameteremka kununua misumari. Alirudi kwao bila misumari.

Tangu hapo, kila siku ya soko alimpigia kwa fonie. Na fonie haina siri. Mmoja anaongea, anasema "à vous" kumpa mwenzake zamu, na foleni nzima inasikia.

"Sheri, ulilala muzuri? À vous."

"Nililala. Lakini batu bote hapa banatega masikio. À vous."

"Batege tu! Mi nakupenda, Aline. À vous."

Foleni ilipiga makofi, wenye haraka na wasio na haraka. Aline alitoka pale akijifanya amenuna, na moyo umejaa.

Ulikuwa mwaka 2003. Wakubwa walikuwa wamesaini amani, ingawa huko milimani bunduki zilikuwa bado zinalia. Kiangazi hicho padri wa mji, Abbé Isidore, akatangaza mbio: kutoka Baraka hadi Fizi na kurudi, siku moja tu, si kwa barabara bali kwa vijia vya mlimani, vile vile ambavyo watu walivipita wakikimbia wakati wa vita. Wa kwanza hayupo, wa mwisho hayupo. Atakayefika kwenye mto wa mwisho angoje, na wote wavuke pamoja. Alitaka miguu ya watu ijue kwamba mtu anaweza kukimbia bila kufukuzwa.

Aline alipenda wazo hilo na alilihofia. Vita vilipoanza, alipokuwa bado msichana, walikimbia kwa vijia hivyo kama kila mtu alivyokimbia: mwanaume mbele kuangalia njia, wanawake na watoto nyuma, na hakuna kumwita mtu jina porini, maana jina likisikika linaleta wenye bunduki. Baba yake, Alphonse, alipita mbele kwenye kona moja. Hakurudi. Aline hakumwita. Jambo hilo lilimkaa kooni miaka yote, na kwa sababu ya hilo Wilfried alipomwomba ndoa alikuwa hajampa jibu.

"Nitakimbia," alimwambia kwenye fonie. "Lakini usinipite mbele. À vous."

"Pembeni yako tu, mpaka mwisho. À vous."

Walitoka alfajiri, umati wa watu wenye kaptula, vitenge vilivyofungwa juu ya magoti, na wengine pekupeku. Vumbi jekundu lilipanda hadi kwenye meno. Walipita mihogo iliyolowekwa vijitoni, na majani yaliyoungua yakinuka moshi. Fizi walikula bugali na maharagwe, wakacheka, wakageuka kurudi. Wilfried hakuachana na bega lake hata kidogo.

Kisha, katika msitu mwembamba, tawi likavunjika mahali fulani. Wilfried hakufikiri. Alinyoosha kiganja nyuma, kama kusema ngoja, akapita mbele na kupotea kwenye kona.

Alirudi akitabasamu. "Njia iko sawa."

Aline alikuwa amechuchumaa pale pale alipomwacha.

"Nilikuambia nini, Wilfried?"

"Sikujua, sheri. Mwili ulienda wenyewe. Nilikuwa nakulinda."

"Papa pia alikuwa ananilinda! Nenda. Si unapenda mbele? Nenda mbele, usinirudie."

"Aline..."

"Nenda!"

Akaenda. Wakimbiaji wengine wakampita Aline wawili wawili, wakimpa pole, naye akawaambia anapumzika. Alipoanza tena, mguu ulimteguka kwenye jiwe. Jua likainama. Akachechemea hadi kona nyingine, na hapo akasimama. Hakujua nyuma ya kona kuna nini. Hasira ilikuwa imemwisha. Alichobaki nacho ni kumtaka Wilfried, kumtaka sana, na hofu ile ya zamani iliyomziba mdomo.

Alijaribu kwa sauti ndogo. Halafu akajaza kifua.

"Wilfried! Wilfried Asukulu!"

Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Aline! Mi iko hapa!"

Sauti ilitoka karibu kabisa. Alitokea kwenye kona, matako ya kaptula yamejaa vumbi. Alikuwa ameketi pale muda wote.

"Juu ya nini hukurudi?"

"Ulinikataza. Basi nikakaa mahali nitakusikia ukiniita."

Chini mtoni, waliokuwa wanangoja walisikia majina porini na kwanza wakanyamaza. Wengine waliinama, kwa mazoea ya vita. Kisha Abbé Isidore akapaza sauti: "Aline! Wilfried! Kuyeni, njooni!" Na watu wote wakaanza kuita.

Aline alishika mkono wa Wilfried, akageukia msitu.

"Papa! Papa Alphonse!"

Wilfried hakumnyamazisha. Walingoja, kama mtu anavyomngojea aliyeitwa. Hakuna aliyeitika. Aline akalia, akalia kwa sauti, na Wilfried akabaki kando yake mpaka alipomaliza.

"Aline," akasema polepole, "ukubali nikuoe. Nitatembea pembeni yako. Na kwenye njia iko ndogo, we utapita mbele. À vous."

Njia pale ilikuwa ndogo. Aline alijifuta uso kwa upindo wa kitenge, akapita mbele yake akichechemea.

"Nakubali," alisema bila kugeuka. "À vous."

Wilfried akamfuata nyuma. Walipofika mtoni, hakuna hata mmoja aliyekuwa amevuka.